Sura ya 6: Deki Inacheza, Kompyuta Inakataa

Fundi yeyote wa kompyuta Mtwara mjini amewahi kuulizwa swali hili: "Hii CD nyumbani kwenye deki inacheza vizuri tu. Nikiiweka kwenye kompyuta inaleta maneno ya Kiingereza, halafu inagoma. Kilichoharibika ni nini, CD au kompyuta?"

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Diski ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichotokea ni kwamba kufuli limekataa kufunguka. Kampuni za filamu na muziki ziliweka makufuli ya kielektroniki ndani ya diski ili zisinakiliwe hovyo na kuuzwa mitaani. Makufuli hayo hayana macho. Hayawezi kumtofautisha mwizi na baba aliyenunua filamu kwa fedha yake halali, akakaa sebuleni kwake Mikindani kuitazama na wanawe.

Ujumbe wa kompyuta, hata ukiwa wa kuudhi, una maana yake. Ukijua ni kufuli gani limekataa, utajua cha kufanya na cha kuacha. Usipojua, utatupa diski nzima, utamlipa fundi kwa kazi isiyohitajika, au utaingiza programu ya ajabu itakayokuharibia kompyuta. Lengo la sura hii ni kukuepusha na hasara hizo tatu.

Kwanza hakikisha: ni kufuli, au ni uchafu?

Pwani yetu ina maadui wawili wa diski. Wa kwanza ni hewa ya bahari. Nyumba zilizo karibu na maji, kuanzia Shangani hadi Msimbati, hupata unyevu wenye chumvi unaoacha utando kwenye diski na kwenye lenzi, yaani kile kijicho kidogo cha kioo kinachoisoma diski. Wa pili ni vumbi. Diski iliyosafirishwa bila kava kwenye mkoba wa pikipiki hadi Kilambo haiwezi kufika ikiwa safi.

Uchafu na kufuli hugoma kwa namna mbili tofauti, na tofauti yenyewe ni rahisi kuiona:

- Uchafu au mikwaruzo hugomesha filamu katikati. Picha inaganda, sauti inakatikakatika, kompyuta inanguruma ikihangaika kusoma. Ukirudia, pengine itagomea mahali pengine.
- Kufuli hugoma mwanzoni kabisa. Ujumbe ni uleule kila ukijaribu, na diski haifiki hata kwenye picha ya kwanza.

Ukiona dalili za uchafu, shika diski pembeni, igeuze upande unaong'aa, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Ifute kwa kitambaa laini cha pamba kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua inavyochorwa. Usifute kwa kuzungusha. Data imeandikwa kwa mstari unaozunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu sehemu ndefu mfululizo, ilhali mkwaruzo unaoukata mstari huo kompyuta huweza kuuruka na kukisia kilichopotea.

Baada ya hapo fanya jaribio la diski tatu. Tafuta DVD iliyochomwa nyumbani, mathalani ya harusi au ya mahafali, CD halisi ya muziki, na DVD halisi ya filamu.

1. Zote tatu zikikataa, tatizo liko kwenye kisomaji, yaani kile kidroo kinachopokea diski. Lenzi ni chafu au imechoka.
2. Muziki ukicheza lakini DVD zote mbili zikakataa, kuna mambo mawili. Huenda mwanga wa kusomea DVD umedhoofika, maana kisomaji hutumia mwanga mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD. Au kompyuta haina programu ya kufungua picha za DVD, jambo tutakalolieleza baadaye.
3. Muziki na DVD ya harusi zikicheza, na filamu halisi peke yake ikakataa, hapo umeshika ukweli: ni kufuli.

Siri iliyo karibu na tundu la diski

DVD zilipoanza kuuzwa mwaka 1996, kampuni za filamu zilitaka hakikisho kwamba mtu hataweza kuzinakili kirahisi. Zikaweka mfumo unaoitwa CSS. Kazi yake ni kuvuruga picha na sauti kwa hesabu ya siri, hivi kwamba bila ufunguo unaofaa kinachosomeka ni takataka tupu. Funguo zenyewe zimo ndani ya diski hiyohiyo, na zilizo muhimu zaidi zimefichwa kwenye ukanda mwembamba wa ndani kabisa, karibu na tundu la katikati. Ukanda huo hauonekani ukifungua diski kwenye kompyuta kutazama mafaili yake.

Jambo hili linaeleza malalamiko mengi tunayoyasikia. Kijana ananakili mafaili ya filamu halisi kwenda kwenye flashi. Wakati mwingine kompyuta inakataa katikati ya kazi. Wakati mwingine inakubali, mafaili yanakamilika na ukubwa wake ni uleule, lakini akifungua anaona vipande vya rangi ya kijani na waridi vinavyorukaruka, na sauti kama ya redio isiyokamata stesheni. Flashi haina kosa. Amebeba picha zilizovurugwa, funguo ameziacha kwenye diski. Akijaribu kuzichoma kwenye DVD tupu atakwama vilevile, kwa sababu DVD tupu za kawaida zimetengenezwa ili ule ukanda wa ndani usiandikike funguo.

Kufuli la CSS halikudumu sana. Mwaka 1999 ilisambaa kwenye intaneti programu ya kulifungua, na mmoja wa walioshiriki kuitengeneza, Jon Lech Johansen wa Norway, alikuwa kijana wa miaka 15. Alishtakiwa kwao, na mwaka 2003 mahakama ilimwona hana hatia, ikarudia hivyohivyo kwenye rufaa mwaka huohuo. Hoja iliyombeba ni kwamba mtu aliyenunua diski ana haki ya kuitazama kwa kifaa chake mwenyewe. Msomaji wa Mtwara aikumbuke hoja hiyo, kwa sababu ndiyo mipaka ya sura hii. Hapa tunazungumzia kutazama diski uliyoinunua. Kuchoma nakala za kuuza ni habari nyingine, nasi tutaigusa.

> Kwa ufupi: Picha za DVD halisi zimevurugwa, na funguo zake ziko mahali pasiponakilika kwa njia ya kawaida. Nakala yenye vipande vya rangi ni nakala isiyo na funguo.

Funguo tatu za sanduku la kikoba

Sasa tuje kwenye ule ujumbe unaowachosha wengi. Kwa Kiswahili unasema hivi: DVD haiwezi kuchezwa kwa sababu kuna tatizo la kinga ya kunakili kati ya kisomaji, programu ya kufungua picha, na kadi ya picha. Mtu akisoma hivyo anadhani vitu vitatu vimekufa kwa mpigo.

Sivyo. Waliowahi kukaa kwenye kikoba wanajua sanduku la fedha lenye makufuli matatu, na funguo zake wamepewa wanachama watatu. Mmoja akichelewa, sanduku halifunguliwi, hata kama wenzake wawili wameshafika. DVD kwenye kompyuta hufunguliwa kwa utaratibu wa namna hiyo, na washika funguo ni hawa:

- Kisomaji. Hakitoi data iliyofungwa mpaka kijihakikishie kwamba programu inayoiomba inajua salamu za siri.
- Programu ya kufungua picha. Inachukua funguo za diski, inarudisha picha kwenye hali yake.
- Kadi ya picha. Ni sehemu ya kompyuta inayopeleka picha kwenye skrini. Inatakiwa iahidi kwamba haitazitoa picha hizo kupitia waya ambao mtu angeweza kurekodia.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: kati ya watatu hao, nani hajafika?

*Asiyefika mara nyingi ni kadi ya picha.* Kompyuta ilikuwa na virusi, ikapelekwa kwa fundi, ikapigwa Windows upya. Ilirudi ikiwa nyepesi na kila mtu akafurahi, lakini tangu siku hiyo DVD hazichezi. Sababu ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kutumia kifaa fulani. Windows ikipigwa upya bila kuwekewa draiva ya kadi ya picha, hutumia ya kwake ya kawaida, ambayo inaonyesha picha lakini haijui ile ahadi ya kinga.

Namna ya kukagua: fungua "Device Manager", kisha tazama palipoandikwa "Display adapters". Ukiona jina lenye neno "Standard" au "Basic" badala ya jina la kampuni kama Intel, AMD au NVIDIA, umempata aliyechelewa. Pakua draiva kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, uiweke, uzime na kuwasha. Unapompelekea fundi kompyuta, mwambie mapema: "Ukimaliza kupiga Windows, naomba na draiva zote." Sentensi hiyo moja itakuepusha na safari ya pili.

*Wa pili kwa kukosekana ni programu ya kufungua picha.* Windows XP haikuja na uwezo wa kucheza DVD mpaka uongezewe programu. Windows 7 kwenye matoleo yake ya juu ilikuja nao. Windows 8 ya mwaka 2012 iliuondoa, na Windows 10 ya mwaka 2015 haikuurudisha. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya anashangaa: mpya ina kasi maradufu, lakini haijui kucheza diski ambayo ile kuukuu iliicheza. Suluhisho la wengi ni VLC, programu ya bure iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka 1996. Ndani yake imebeba vifungua picha vya aina nyingi.

*Sababu ya tatu ni waya na skrini ya pili.* Mwalimu anaunganisha kompyuta na projekta ili wanafunzi watazame filamu ya sayansi, na filamu inakataa mbele ya darasa zima. Chomoa projekta, anzisha filamu kwenye skrini ya kompyuta peke yake. Ikikubali, umejua tatizo ni njia ya kutolea picha. Jaribu waya wa aina nyingine, punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya skrini, au tumia programu nyingine ya kuchezea. Funga pia programu yoyote ya kurekodi skrini au ya kumruhusu fundi aiendeshe kompyuta yako akiwa mbali, maana baadhi ya programu za DVD huziona hizo kama jaribio la kunakili.

Dunia iliyokatwa vipande, na sisi tukawekwa cha tano

Kuna kufuli jingine ambalo halihusiani na kunakili kabisa. Linahusu ulipo. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda ili filamu iuzwe nchi moja mapema na nyingine baadaye, kila soko kwa bei yake. Diski ya kanda moja hukataa kwenye kifaa cha kanda nyingine. Kwa DVD, mgawanyo unaotuhusu ni huu:

- Kanda ya 1: Marekani na Kanada.
- Kanda ya 2: Ulaya Magharibi, Mashariki ya Kati pamoja na Oman na Falme za Kiarabu, Misri, Afrika Kusini, Japani.
- Kanda ya 4: Australia na Amerika ya Kusini, ikiwemo Brazili.
- Kanda ya 5: sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo Tanzania, Kenya na Msumbiji, pamoja na India na Urusi.

Itazame orodha hiyo kwa jicho la mtu wa Mtwara. Ukivuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, unabaki kanda ya 5. Lakini diski iliyonunuliwa upande wa pili huenda ilitoka Afrika Kusini, ambayo ni kanda ya 2. Ikiwa ni filamu ya Kireno, huenda ilitengenezewa Ureno, kanda ya 2, au Brazili, kanda ya 4. Ndugu aliyeko Muscat akikutumia zawadi ya filamu kwa mtu anayekuja likizo, hiyo ni kanda ya 2. Filamu ya Kihindi iliyonunuliwa Mumbai inaweza kukubali bila maneno, kwa sababu India na sisi tumewekwa kundi moja. Waliochora mipaka hiyo hawakuuliza ndugu zetu wanaishi wapi wala biashara ya pwani hii inapita wapi. Sisi ndio tunaolipa gharama ya kutoulizwa.

Namna ya kujua kanda ya diski ni rahisi. Geuza kava, tafuta alama ndogo ya tufe la dunia yenye namba katikati. Ukiona 5, ni ya kwetu. Ukiona 2, ni ya Oman au Ulaya. Ukiona 0 au neno "ALL", diski haina mipaka.

Hapa sasa tunapata sehemu kubwa ya jibu la swali letu la mwanzo. Deki nyingi za bei nafuu zinazoletwa kutoka Kariakoo huja zikiwa zimefunguliwa kanda zote. Zinapokea diski ya Muscat, ya Durban na ya Mumbai bila kuuliza. Kompyuta inauliza. Visomaji vya kompyuta vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 vilitakiwa vihifadhi namba ya kanda ndani yake vyenyewe.

Kompyuta iliyotumika imekuja na kanda ya kwao

Kompyuta nyingi tunazonunua zimetumika kwingine kwanza. Zimetoka Uingereza, Ujerumani, Dubai au Marekani. Kisomaji chake kimepangwa kanda ya 2 au ya 1, na namba hiyo haikai kwenye Windows. Imo ndani ya kisomaji. Unaweza kupiga Windows mara kumi, namba itabaki vilevile. Matokeo yake, filamu uliyoinunua hapahapa Tanzania, yenye alama ya 5, inakataliwa na kompyuta yako mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mazungumzo yanayoweza kutokea kwenye meza ya fundi yeyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii CD wamenitumia wajukuu kutoka Muscat. Imekufa?"

"Haijafa, mama. Hii ni kanda ya 2, na kompyuta yako iko kanda ya 5. Tunaweza kuibadilisha, lakini inaruhusu mara tano tu. Naomba kwanza tuone zimebaki ngapi."

Fundi huyo anastahili heshima, kwa sababu amesema jambo ambalo wengi hawasemi. Kisomaji huruhusu mwenye kompyuta kubadilisha kanda mara tano. Baada ya mara ya tano kinajifunga kwenye kanda iliyochaguliwa mwisho, na kwa njia za kawaida hakifunguki tena. Mtu anayebadilisha kwenda 2 atazame filamu ya Oman leo, arudi 5 kesho, aende tena 2 Ijumaa, anamaliza nafasi zake ndani ya mwezi.

Kukagua ni hivi: kwenye "This PC", bofya alama ya kisomaji kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", nenda "Hardware", chagua kisomaji, "Properties" tena, kisha "DVD Region". Utaona kanda iliyopo na idadi ya mabadiliko yaliyobaki. Kuangalia hakupunguzi kitu. Kinachopunguza ni kubonyeza kukubali kanda mpya. Kwa hiyo:

- Ikiwa kompyuta yako imekuja na kanda ya 2 na diski zako nyingi ni za 5, ibadilishe mara moja tu, uiache hapo.
- Ikiwa una diski za kanda mbili, nunua kisomaji cha nje kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Cha ndani kipangie 5, cha nje kipangie 2. Hutagusa namba tena.
- Jaribu VLC kabla ya kubadilisha chochote. Baadhi ya visomaji huiruhusu icheze diski ya kanda nyingine bila kugusa namba. Vingine hukataa, na hapo ndipo utaamua.
- Unaponunua kompyuta iliyotumika, kagua namba hiyo ukiwa dukani.

> Kwa ufupi: Kanda ya DVD ya Tanzania ni 5, ya Oman na Afrika Kusini ni 2. Kompyuta inabadilishwa kanda mara tano tu, na kupiga Windows hakurudishi nafasi zilizotumika.

Makufuli mengine matatu utakayokutana nayo

*Blu-ray.* Ni diski ya picha kali zaidi, iliyoingia sokoni mwaka 2006. Kufuli lake hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo programu ya kuichezea lazima isasishwe kupitia intaneti, la sivyo diski mpya itakataa kwenye programu ya zamani. Skrini na waya navyo lazima vithibitishe kinga. Mgawanyo wa kanda pia ni tofauti: Afrika yote, sehemu kubwa ya Ulaya na Mashariki ya Kati ziko kanda B, India iko kanda C. Kwa Blu-ray, basi, diski ya Muscat itakubali, na ya Mumbai inaweza kukataa, kinyume kabisa cha DVD.

*Michezo ya zamani.* Ikiwa mtoto ana diski halisi ya mchezo wa miaka ya 2000 na inakataa kwenye Windows 10, usiisugue. Kinga za michezo hiyo, kama SafeDisc, zilitumia draiva iliyozama ndani sana ya Windows, na draiva hiyo ikaonekana kuwa mlango wa wahalifu. Mwaka 2015 Microsoft iliiacha. Njia salama ni kuuchezea kwenye kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti.

*CD za muziki.* Mwaka 2005 mtaalamu Mark Russinovich aligundua kwamba CD za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwa siri programu iliyojificha ndani ya Windows ili kuzuia kunakili. Programu hiyo iliacha upenyo ambao virusi viliutumia kujificha. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD hizo kutoka madukani. Lipo fundisho kwako: CD ya muziki haihitaji programu yoyote ili icheze. Ikiomba kuingiza kitu, kataa, uifungue kwa programu uliyo nayo.

Stempu, sheria na jasho la msanii

Wapo wanaodhani ile stempu iliyobandikwa kwenye kava ndiyo inayozuia kompyuta. Hapana. Stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki zilianza mwaka 2013, zikisimamiwa na Mamlaka ya Mapato, ili kutambua kazi halali. Ni karatasi, haina mawasiliano yoyote na kompyuta. Vilevile zile VCD za filamu za Bongo, zilizouzwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, hazina CSS wala kanda. VCD ni aina ya diski isiyo na makufuli hayo kabisa. Ikikataa, tafuta mikwaruzo.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Sheria hiyo inamlinda msanii dhidi ya wanaochoma kazi yake na kuiuza. Naiunga mkono kwa moyo wote. Diski isiyokuwa na kufuli ilitegemea uaminifu wetu, na pale tulipokosa uaminifu, watu waliokesha wakiigiza na kuhariri walikosa mkate wao. Kumtetea mnunuzi anayetaka kutazama alichokilipia, na kumtetea msanii anayetaka kulipwa, ni kazi moja. Wote wawili wanaumizwa na mtu yuleyule: mchomaji wa nakala.

Utaratibu wa kufuata, hatua kwa hatua

1. Andika au piga picha ujumbe kama ulivyo. Usiufunge kwa hasira.
2. Safisha diski na ufanye jaribio la diski tatu.
3. Tazama alama ya tufe kwenye kava, kisha kanda ya kisomaji chako. Usibadilishe bado.
4. Jaribu kwa VLC. Ikicheza, tatizo lilikuwa programu uliyokuwa ukitumia.
5. Chomoa skrini ya pili au projekta, ujaribu tena.
6. Kagua draiva ya kadi ya picha, iweke mpya ikibidi.
7. Jaribu diski kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuilaumu.
8. Badilisha kanda mwisho kabisa, na kwa uamuzi, si kwa majaribio.

Usipakue programu inayokuomba uzime kinga ya virusi ili "ifungue CD zote". Hiyo imekuja kuchukua, haikuja kutoa.

Muhtasari wa sura, na kazi ya kufanya wiki hii

Diski inayokataa tangu mwanzo kwa ujumbe uleule imefungwa; haijaharibika. Kufuli laweza kuwa la kuvuruga picha, la kanda, au la ahadi kati ya kisomaji, programu na kadi ya picha. Karibu yote hupata dawa bila kununua kompyuta mpya.

Diski halisi iliyofungwa inaweza kusubiri kabatini hadi upate draiva au kisomaji cha pili. Zilizochomwa nyumbani haziwezi kusubiri. DVD ya harusi, ya jando na unyago, ya mazishi ya babu, imeandikwa kwenye rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga, na hali ya hewa yetu haiihurumii. Diski hizo hazina kufuli lolote, na ni mali yako. Zikusanye, zinakili kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili zitakazokaa nyumba mbili tofauti, na fanya hivyo kabla ya kuhangaika na filamu ya Muscat. Filamu ya Muscat ina nakala nyingine madukani. Sauti ya babu yako ipo kwenye diski hiyo moja tu.